Muuza miche, salvia si moja

Mhariri,

Nina dukuduku la mche wa shilingi hamsini.

Mwaka jana nilisimama kwa muuza miche kando ya barabara ya Njoro, nikaomba salvia, maua ya bustani. Akanipa sita katika karatasi nyeusi. Nilipouliza ni za aina gani, akasema, “Salvia ni salvia, mama,” akarudi kwenye simu yake. Kwa hesabu hiyo angeniuzia hata chia ya kutia kwenye uji, maana nayo ni ya jamii ya salvia. Rosmari pia, wataalamu wa mimea waliiingiza humo mwaka 2017.

Nikazipanda zote chini ya dirisha, zikiachana shubiri moja moja. Leo mbili zimenipita kiuno. Hizo ni leucantha, asili yake Mexico: jani jembamba, chini jeupe kama limepakwa unga, na ua la zambarau ambalo ukilishika ni mahameli. Kila shina lilitaka nafasi ya mita nzima. Tatu zilizofunikwa ni splendens ya Brazil, ile nyekundu fupi. Masikini, bado zinachungulia! Ua lenyewe hudondoka mapema, lakini kikombe kinacholishika hubaki chekundu, ndiyo maana huonekana kama halichoki.

Ya sita ilikuwa officinalis, ya kutia kwenye nyama. Niliimwagilia kila jioni pamoja na nyekundu, ikaoza shina. Hiyo hupenda jua na udongo unaokauka upesi. Dada yangu yuko Ahero kwenye udongo mweusi unaoshika maji, na yake inastawi katika mtungi wa plastiki uliokatwa, uliotobolewa chini na kujazwa mchanga nusu.

Inayonifurahisha zaidi sikuinunua. Jirani alinikatia tawi chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, nikatoa majani ya chini, nikalichomeka kwenye mchanga wa mto kivulini. Ukifikicha jani lake, linanukia nanasi. Ni elegans. Asubuhi ndege aitwaye chozi hutua kwenye shina lenyewe na kuingiza mdomo katika kila ua. Mzee wangu amehamishia kiti chake huko.

Ninachoomba kwa wauza miche ni kipande cha boksi kilichoandikwa jina na urefu. Jumamosi narudi palepale Njoro, na mkobani nitabeba majani matatu nimwonyeshe yule kijana.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru