Kabla ya kuonana na daktari kwa video: vipimo vinavyomdanganya

Daktari wa kwenye simu hawezi kukushika mkono wala kukusikiliza kifua. Anaamua kwa namba na picha unazompelekea, kwa hiyo kabla ya kukuunganisha naye, kliniki yetu hapa Wete inakuomba uzipime sawasawa.

Presha kwanza. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini. Kahawa na sigara uziache nusu saa kabla. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa buibui, na mkono uwe mezani usawa wa moyo; ukining'inia, namba hupanda. Mkanda wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukibanwa na mkanda mdogo hutoa presha ambayo mtu hana, akaanzishiwa dawa bure. Pima mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, siku 7, na utuletee namba zote, hata zile usizozipenda.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni ndicho kinachotutia wasiwasi zaidi. Kinapitisha mwanga kwenye kidole, na piko nyeusi au rangi ya kucha huuzuia, namba ikashuka bila ya maradhi. Bibi harusi aliyepakwa vidole vyote apime kidole cha mguu kisicho na rangi. Vidole vya baridi visuguliwe kwanza. Ila kuna kosa la upande wa pili, nalo ni la hatari zaidi: mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionesha kuwa kwa wagonjwa weusi kipimo hiki kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo namba ikisema asilimia 95, inayoonekana nzuri, na mgonjwa anahema kwa shida, uamini kuhema kwake.

Picha ya ngozi ipigwe mchana karibu na dirisha, bila ya flashi: moja ya mbali, moja ya karibu yenye sarafu pembeni. WhatsApp hubana picha, basi itume kama dokyumenti.

Mdomo ukipinda, kifua kikibana au mkono mmoja ukipoteza nguvu ghafla, usitupigie. Nenda hospitali saa ile ile.