Barua kwa wakandarasi na wauza vifaa: ugomvi wenu huanzia kwenye oda

Wanangu,

Mzigo ukishamwagwa saiti, kila mtu huwa na ukweli wake. Basi tuanzie kabla lori halijapakia.

"Nondo za milimita 12, tani 2" ni oda nusu. Mkandarasi anahesabu vipande, muuzaji anahesabu kilo. Kipande cha mita 12 kina kilo 10.7 hivi, kwa hiyo tani moja ni kama vipande 94. Andikeni vyote viwili, na daraja la chuma, yaani kiwango cha nguvu yake. Mzigo ukifika, kateni mita moja mpime: iwe karibu gramu 888. Mizani ikisoma 800, hiyo siyo nondo aliyoipigia hesabu mhandisi. Irudi ikiwa bado juu ya lori.

Mchanga ndio wenye maneno mengi, na mara nyingi hakuna aliyeiba. Mchanga wenye unyevu huvimba. Chukueni ndoo iliyonyooka, jazeni mchanga sentimita 20 bila kushindilia, mwageni maji hadi uzame, koroga, acheni utulie. Ukishuka hadi 16, lori la mita za ujazo 10 limebeba 8 tu za mchanga wenyewe. Kubalianeni mapema kipimo ni kipi, na bodi ya lori ipimwe kwa futi mchanga ukiwa umesawazishwa, si ukiwa kichuguu.

Zege la kuletwa tayari halina subira. Slabu ya mita 12 kwa 10, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 18. Ongezeni asilimia 5 ya upotevu. Mkandarasi, sema mafundi wako humaliza lori moja kwa dakika ngapi, ili malori yasipange foleni huku zege likianza kushika. Ulaini unaoutaka uandike kwenye oda. Nawe muuzaji, mkataze dereva wako kuongeza maji eti fundi analalamika zege ni gumu. Mchemraba wa zege unaopimwa nguvu siku ya 28 ukifeli, hakuna atakayekumbuka nani alifungua bomba.

Malipo sina mengi: anayelipa kwa kukimbizwa asishangae mzigo wake ukipakiwa wa mwisho.

Hati ya kupokelea mzigo iandikwe saa ya kufika, idadi iliyohesabiwa na mifuko ya saruji iliyopasuka au kulowa, kwenye nakala zote mbili, dereva akiwa bado yupo. Asaini mtunza stoo, si kibarua aliyekuwa karibu na geti.

Mzee wenu