Toa Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Jumamosi tulipotoka bwawani nilikuwa na neno la kukuambia, ila matatu tuliyopanda ilikuwa na muziki wa kutikisa viti, nawe umejifunika taulo usoni hadi nyumbani. Nikanyamaza. Ndiyo sababu unaikuta karatasi hii ndani ya daftari lako la hesabu.

Ulidhani nakutazama miguu. Nilikuwa nahesabu viputo. Kutoka ukingoni hadi katikati ya bwawa, mama, sikuona hata kimoja. Uliingiza uso majini umebana pumzi, mashavu yamefura, ukapiga mikono minne au mitano, kisha ukanyanyua kichwa kizima ukitweta na kurukia kamba. Ukamwambia kocha kwamba hewa haikutoshi. Hewa ilikuwa tele. Ilijaa kifuani, imeshatumika, na hukuwa umeitoa.

Ile haja ya kuvuta pumzi inayokukaba koo, mara nyingi si oksijeni iliyokwisha. Ni kaboni dayoksaidi inayorundikana mwilini, na kadiri unavyobana pumzi ndivyo inavyozidi kurundikana. Halafu unangoja mdomo utoke nje ndipo utoe hewa ya zamani na uvute mpya, yote mawili kwa kufumba na kufumbua. Nani anaweza? Unaishia kuongeza tone kwenye mtungi uliofurika. Toa hewa uso ukiwa majini, polepole, kwa pua. Guna "mmm" kama mtu aliyeonja pilau ya bibi yako. Ukikaribia kugeuka, isukume iliyobaki kwa nguvu. Mdomo ukitoka tu, hewa mpya itaingia bila kuitwa.

Usifikiri mimi nilizaliwa najua. Nililelewa Kibokoni, Mombasa, na tulikuwa tukijitupa baharini kabla hatujajua kusoma. Tuliogelea vichwa juu, tukitaniana humo humo majini. Nilipohamia Nairobi nikiwa na miaka 26, niliingia bwawa la mita 25 kwa maringo yote ya mtu wa pwani. Sikufika ng'ambo. Kumbe maji ya chumvi yalikuwa yakinibeba miaka yote nisijue, na maji ya bwawa hayana hisani hiyo. Tena jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na mtu anayepumua ovyo huumbuka upesi. Mzee mmoja aliyekuwa akienda na kurudi kando yangu bila haraka aliniangalia nikikohoa, akasema, "Kijana, toa kwanza." Akaendelea na safari yake.

Sasa kichwa. Najua umeirudia mara ngapi ile video ya Jason Dunford, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, kule Beijing mwaka 2008, alipoweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 katika mchujo kwa sekunde 51.14. Hata mimi hunisisimua. Lakini ule ni mtindo wa kipepeo, na kidevu chake hutokea mbele. Wewe umekichukua kidevu kile ukakileta kwenye mtindo huru. Kichwa kikipanda, miguu inazama, unakuwa kama unakwea kilima majini. Huku hunyanyui kichwa. Unakigeuza pamoja na kifua na nyonga, kama unayejigeuza kitandani. Sikio moja libaki majini, na kioo kimoja cha miwani pia. Utaogopa kumeza maji, najua. Lakini kichwa kinapokwenda mbele, maji hufanya kibonde kidogo kando ya shavu, na mdomo hupata hewa humo humo. Kibonde hicho huwezi kukiona. Ukikiamini mara mbili tatu, utaacha kutafuta mbingu.

Kocha anataka uvute hewa kila baada ya mikono mitatu, mara kulia, mara kushoto. Ni zoezi zuri, husawazisha mwili, wala sitambishia mbele yako. Ila barua ni yangu: kwa sasa vuta kila baada ya miwili. Wapo mabingwa wanaofanya hivyo hadi mwisho wa mashindano.

Jioni, siku ambayo mgao wa maji haujatukumba, jaza beseni, weka uso, guna hadi hewa iishe, geuza uso pembeni, vuta, rudi. Mara 20. Ndugu yako atakucheka, mwache.

Jambo moja sitaki mjadala. Ule mchezo wenu na binamu zako wa kuhema haraka haraka kisha kuzama kushindana nani atakaa chini zaidi, ukome. Kuhema vile hupunguza ile kaboni dayoksaidi inayokuonya, oksijeni ikaisha bila wewe kusikia lolote, na mtu hupoteza fahamu chini ya maji akiwa hata hajahisi kukosa pumzi. Watakaokuwa juu watadhani anashinda.

Miwani yako nimeikaza mpira. Ilikuwa ikiingiza maji upande wa kulia, na huenda ndiyo maana hupendi kugeukia huko.

Baba yako