Bumu si mshahara, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongee na wadogo zangu wanaoingia chuo mwaka huu.

Mi nilifika chuo na begi moja na ndoo, nikiamini bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka tu maisha yamenyooka, kumbe zile hela za kujikimu zikichelewa wiki 2 mnabaki mnachangiana chumvi, na nilishabebwa, yaani kulala kitanda kimoja na jamaa wa Mbeya, muhula mzima kwa sababu hosteli zilijaa. Huyo jamaa mpaka leo ni ndugu yangu kabisa.

Nakumbuka alivyokuwa anaandika matumizi nyuma ya daftari la kozi, chips 1,500, kutoa kopi 400, vocha 500, kila usiku kabla hajalala. Nilimuona mshamba, ila mwezi ukiisha mimi ndo nakopa kwake.

Na jamani mkopo wa Bodi ya Mikopo ni mkopo, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara, kwahiyo usinunulie simu ya kuwaringishia watu.

Halafu GPA, ule wastani wa alama zako. Shuleni ulikuwa wa kwanza, chuo mmekutana wa kwanza wote, ukipata sapu, yaani kurudia mtihani ulioufeli, sio mwisho wa dunia nenda ofisini kwa mwalimu ukamuulize ulikosea wapi, wengi wao wanapenda kuulizwa. Fildi nayo, yale mafunzo ya vitendo kazini, usiende kusaini tu, mi kazi yangu ya kwanza niliipata pale pale nilipofanyia fildi mwaka wa pili.

Msomaji wako, Morogoro