Anayekimbia barabarani hajakosa haya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba wanawake watu wazima wanaokimbia barabarani asubuhi wamekosa haya. Hakutaja mji, lakini mimi ni mmoja wao. Nina miaka 49, fundi cherehani wa hapa Ngamiani, Tanga, na wajukuu wawili ninao.

Nianze kwa kumkubalia jambo moja: aibu ipo. Mimi ilinikalia miezi. Kazi yangu ni ya kukaa. Toka saa 2 asubuhi mpaka magharibi niko juu ya stuli, kinachofanya mazoezi ni nyayo tu kwenye pedeli. Presha ilipopanda, daktari akaniambia nitafute dakika 150 za kutembea haraka kila wiki, au 75 nikiweza kukimbia. Nikapiga hesabu ya kifundi: robo saa, siku 5. Kitambaa kinatosha. Kazi ikabaki kutoka mlangoni.

Kwetu mtu mzima hakimbii bure, Mhariri. Ukimwona anakimbia, ama anafukuza ama anafukuzwa, la sivyo pana moto au msiba. Basi siku ya kwanza nilibeba kidumu, nikajifanya nakimbilia maziwa. Jirani akaniuliza, "Kulikoni, Mama Saidi?" Nikamwambia nawahi maziwa yasije yakaisha. Akaniamini, na kesho yake akaniagiza lita moja. Ikawa nakimbia kwenda tu. Kurudi natembea, maziwa ya watu yasimwagike.

Nikabadili mbinu, nikawa natoka kizani, kabla ya adhana ya alfajiri. Nilivaa dera, maana ndilo linalositiri kila kitu. Dera ni vazi la kukalia barazani. Likipata upepo linajaa kama tanga la dau, kisha pindo linajisokota kwenye vifundo vya miguu. Siku ya tatu nilianguka karibu na reli, na kabla sijainuka nikamulikwa tochi usoni. "Simama hapo hapo! Nani wewe?" Mlinzi wa duka, tochi mkono mmoja, rungu mkono wa pili. Alipoona ni mama wa makamo aliyechubuka goti, naye akaona haya. Nikamwambia nafanya mazoezi. "Mazoezi ya kiza, bibie? Mie nusura nikurushie rungu."

Anayekimbia mchana anachekwa, anayekimbia usiku anapigwa rungu. Nikachagua kuchekwa.

Lakini kwanza nilikaa kwenye cherehani. Nilinunua kitambaa cha jezi, kile chepesi kinachokauka upesi, bluu iliyoiva. Suruali nikaikata pana kiasi, lastiki kiunoni na kamba ndani yake. Shati refu la kufika magotini, mipasuo miwili ya pembeni ili hatua ifunguke, na kijimfuko cha ufunguo nyuma ya kiuno, kwa sababu ufunguo ukiwa mbele unakugonga njia nzima. Ushungi nikaukata mfupi, nikautia lastiki chini ya kidevu. Pini sikuweka, ikifunguka njiani inachoma. Ndani, sidiria mbili, moja juu ya nyingine. Wanawake wenzangu mmenielewa. Nilipojaribu uani na kuruka mara kumi bila kitu kucheza, nikagundua kwamba nusu nzima ya aibu yangu ilikuwa nguo.

Nusu ya pili ilikuwa watu. Njia yangu inavuka reli, inapita mjini na kushika Barabara ya Hospitali kuelekea Raskazone, bahari ikiwa kushoto. Kwa mtu anayetaka kukimbia, Tanga ni mji wa neema: tambarare, una miti, na upepo wa asubuhi unakupokea. Shida ni kona moja kabla sijavuka reli, yenye baraza la kahawa upande mmoja na kijiwe cha bodaboda upande wa pili. Wiki ya kwanza wazee waliacha vikombe. Vijana wakanipa jina la mabasi ya haraka ya Dar: Mwendokasi. "Mwendokasi huyooo, shusha abiria!" Nilikuwa nikiikaribia kona ile nainama kufunga kamba za raba ambazo wala hazijafunguka. Wiki ya pili wakaita wawili watatu. Ya tatu wakawa wamechoka, wanatazama simu zao. Sikuwashinda kwa ujasiri wowote. Niliacha kuwa habari, basi.

Kelele zikarudi Septemba 2025, na jina jipya. Tuliamka asubuhi tukakuta Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu amechukua marathoni ya dunia kule Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros wameandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wametenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Nilipopita konani kijiwe kizima kilisimama: "Simbu! Simbu! Maliza!" Mpaka leo naitwa Simbu, na sikatai.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu. Nadhani tulisoma shule za aina moja, zenye mchakamchaka wa asubuhi, wasichana kwa wavulana, tukiimba huku vumbi linapanda. Hakuna mzazi aliyesema tumekosa haya. Hata leo, Jumapili vikundi vya jogingi vikipita na fulana za rangi moja, filimbi mbele na vitambi nyuma, watu wanatoka milangoni kuwapungia. Kumbe mbio hazina tatizo, wala mwanamke hana tatizo. Tatizo ni kuwa peke yako. Ukiwa na wenzako ni sherehe, ukiwa peke yako wanakuulizia akili.

Na haya si aibu. Haya ni yangu, naiweka mwenyewe. Nikikuta turubai la msiba nashusha mwendo, natembea mpaka nilipite, natoa salamu. Nikikutana na wanaotoka msikitini nakaa pembeni mwa njia. Aibu ni mzigo ninaotwishwa na mtu mwingine. Kijana anayekagua maumbile ya mama wa watu kwa sauti, kila mtu barabarani asikie, huyo ndiye aliyekosa haya. Sikuona msomaji mwenzangu akimwandikia hata mstari mmoja.

Pale barazani yupo mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza kunitikisia kichwa. Siku moja nilisimama kumwamkia, akanikalisha. Akanihadithia mkimbiaji wetu Filbert Bayi, Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, mita 1500. Wenzake wengi wa zama zile walikuwa wakijibanza katikati ya kundi wakingoja mzunguko wa mwisho. Bayi akatoka mbele toka mwanzo, akakaa peke yake huko huko hadi mwisho: 3:32.2, rekodi ya dunia. "Huko mbele," mzee akasema, "kila mtu anakutazama mgongo." Akanywa kahawa yake. Sijui kama alikuwa ananisifu au ananionya.

Tangu hapo wateja wamekuwa wakija, wananong'ona kana kwamba wanaulizia dawa: ile nguo yako ya kukimbilia, unashona kwa bei gani? Nimeshona saba. Tatu naziona barabarani. Tatu sijui zimekwenda wapi, labda zinalaliwa. Ya saba ni ya mama mmoja wa hapa hapa Ngamiani, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Alirudi wiki iliyopita nimpunguzie pindo, nikaona chini pamechakaa kweli kweli, na nje sijamwona hata siku moja. Nikamuuliza unakimbilia wapi, dada? Akacheka, akajifunika mdomo na mtandio. Anakimbia uani kwake, kutoka mgombani hadi mlango wa choo na kurudi, mara 60, geti limefungwa.

Nimemwambia Jumatatu saa 12 na nusu nitampitia. Amekubali, kwa sharti kwamba mimi nitangulie mbele.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga