Dozi ya methadoni si dawa ya mfupa uliovunjika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi wauguzi hulinong'ona tu tunapokabidhiana zamu, nalo ni namna tunavyowatuliza maumivu wagonjwa mahututi ambao ni waraibu wa heroini, au walioacha na sasa wako kwenye methadoni, dawa wanayopewa kliniki badala ya heroini.

Katika hospitali moja mkoani Tanga alilazwa kijana aliyepata ajali ya bodaboda, amevunjika mfupa wa paja na mbavu, amewekewa mpira wa kupumulia na hawezi kusema lolote. Usiku wa pili vinyweleo vilimsimama, kamasi na machozi yakamtoka, mboni zikapanuka. Mwenzetu mmoja akasema, "Huyu ni teja, anataka kulewa tu," na morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ikacheleweshwa. Kumbe yalimkuta mawili kwa mpigo: arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, kwa kuwa methadoni yake ilikatwa alipolazwa, na maumivu ya mifupa.

Methadoni inayonywewa mara moja kwa siku huzuia arosto kwa saa 24 au zaidi, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu hudumu saa 4 hadi 8 tu. Tena mwili uliozoea dawa za jamii ya afyuni, kama heroini na methadoni, huhitaji morfini nyingi kuliko mwili wa mwingine, na huweza kuyahisi maumivu kwa ukali zaidi. Kwa hiyo dozi ya kila siku iendelee, hata kwa mpira wa puani, baada ya kliniki yake kuthibitisha kiasi na siku aliyokunywa mara ya mwisho, na juu yake daktari aongeze morfini, parasetamoli, ketamini kidogo, au ganzi ya neva za paja. Pentazosini, dawa nyingine ya maumivu, asipewe, maana huweza kumtia arosto papo hapo. Na akianzishiwa rifampisini ya kifua kikuu, ikumbukwe kwamba dawa hiyo hupunguza methadoni mwilini.

Hofu ya kuzimisha pumzi ni ya haki kwa anayepumua mwenyewe, naye afuatiliwe kwa karibu; kwa aliye kwenye mashine haina uzito huo. Wengine huhofia kwamba morfini itamrudisha kwenye unga. Nionavyo mimi, kinachomrudisha maskani upesi ni maumivu yasiyotibiwa, yanayomfanya atoroke wodini kabla hajapona.

Huduma ya methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, sasa ipo hata hapa Tanga. Basi nawaomba wakuu wa afya wa mkoa namba ya simu ya kliniki hiyo ibandikwe ukutani katika kila chumba cha wagonjwa mahututi, na ipokelewe hata usiku na sikukuu. Nanyi akina mama, ambao naelewa haya mnayoiona mbele ya majirani waliokuja kumjulia hali mgonjwa, mvuteni muuguzi pembeni siku ile ile ya kulazwa mumwambie kijana anatumia nini.

Wako,
Muuguzi, Ngamiani, Tanga