YAH: KUPANDISHWA JUUJUU KAMA GUNIA KWENYE TRENI YENU YA MWENDOKASI

Kwa Meneja wa Huduma kwa Abiria,

Salaam. Sharti la abiria wa kiti mwendo kutoa taarifa mapema mmeliandika wenyewe, na mimi nililitimiza. Ujumbe wenu wa kunikubalia ninao, na tiketi ya nafasi ya kiti mwendo ninayo. Utangulizi hauhitajiki.

Treni ilipoingia, mhudumu niliyeahidiwa hakuwepo. Ubao wa kupandia ulikuwepo, umesimamishwa nyuma ya nguzo, umepigwa mnyororo na kufuli. Nilimwonyesha kondakta wenu. Akajibu kwamba ufunguo hana, na treni ya mwendokasi haimsubiri mtu. Akaita vijana wawili wa mizigo, wakaninyanyua na kiti changu. Nilisema, "Ngojeni." Hawakungoja.

Ndani, nafasi niliyoilipia ilikuwa imejaa masanduku. Nikasafiri hapo hapo mlangoni, kila anayekwenda chooni akinigonga magoti na kuniomba radhi. Hizo ndizo radhi pekee nilizopata safari nzima. Choo kipana chenye alama ya kiti mwendo kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo sikuthubutu kunywa hata maji. Na hata kabla ya hayo yote, dirishani kwa tiketi niliulizwa, "Aliyekuleta yuko wapi?" Nilijileta.

Naomba nirudi pale mlangoni, kwa sababu naogopa mtapapita haraka. Vijana wale walishika mikono ya kiti. Mikono ile inachomoka. Imetengenezwa hivyo ili mtu aweze kuhamia kitandani au kwenye gari. Anayejua kazi hushika fremu, tena baada ya kumuuliza aliyekalia. Mkono wa kushoto ulichomoka nikiwa juu ya ule uwazi kati ya jukwaa na behewa. Nikalalia upande, nimeng'ang'ania shati la kijana nisiyemjua, chini naiona reli, nyuma abiria wananung'unika kwamba nawachelewesha. Nikasema tena, "Ngojeni, jamani." Kondakta alikuwa anatazama saa yake. Akawaambia, "Sukumeni, ataingia tu."

Ataingia tu! Akawaambia wao, mimi nikiwa mbele yake, ninasikia. Vijana siwalaumu, hakuna aliyewafundisha, na mmoja wao mikono ilikuwa inamtetemeka.

Nilipokaa kuandika nilitaka nirudishiwe nauli, basi. Sasa nataka nauli, gharama za kutengeneza kiti, na barua ya radhi yenye jina na sahihi ya mtu, si "Timu ya Huduma". Nataka pia kufuli lile liondolewe, na kondakta huyo asirudi kazini kabla hajafundishwa. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inautaja usafiri waziwazi, kwa hiyo msiniambie kwamba nawaomba hisani.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, barua hii itakwenda kwa wakili wangu na kwa mamlaka inayosimamia reli, pamoja na picha ya ubao wenu ukiwa kwenye mnyororo. Na vocha ya safari ya bure msinitumie. Mkiituma, wakili atairudisha pamoja na hati ya madai.

Wasalaam,
Abiria wa nafasi ya kiti mwendo